Siku Tuliyorudi Kitisuru Tukiimba

Ninyi wajukuu zangu, na wenzenu wote mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza, na kama kuna anayetafuna kitu amalize, maana sitarudia. Nataka kuwaeleza aibu iliyonipata mimi mwenyewe, mimi Jerida mnayeniona nikiwakemea kila siku kwa kukosa adabu, aibu iliyonipata mchana kweupe mbele ya watu nisiowajua, na ambayo kwa miaka mingi sikutaka hata itajwe nikiwa chumbani. Sikusoma sana. Kwa hiyo huyo atakayenisahihishia herufi asahihishe herufi, maneno yangu asiyaguse.

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo ninyi mnayasema bila kufikiri. Mtu amekuja, amekunywa chai, sasa anatoka, na wewe mkono wako tayari uko kwenye komeo la mlango, unamwambia, "You must come back and see us." Yaani ni lazima urudi utuone. Ukishasema unafunga mlango, unaenda kuosha vikombe, umesahau. Mimi maana ya maneno hayo sikufundishwa na mwalimu. Nilifundishwa na safari moja ya Jumamosi, na aliyelipia masomo hayo hakuwa mimi, ndiyo sababu yananiuma hadi leo.

Nilikuwa yaya huko Kitisuru, kwa familia moja ya Wazungu, tangu kabla ya uhuru hadi miaka michache baada yake. Mtoto wao wa kwanza nilimlea kama wangu, alijifunza kutembea akishika leso yangu. Nilipopata mimba ya Belisi, mama yenu mdogo, nikaacha kazi, na mahali pangu nikamwingiza wifi yangu Finike, dada mdogo wa babu yenu. Finike alikuwa amefiwa na mume akiwa bado msichana, watoto wake walikuwa kijijini Maragoli kwa mama mkwe wangu, na watoto hao walikula, walivaa na walikwenda shule kwa kazi ile ya Finike. Hapakuwa na mfuko mwingine. Likumbukeni hilo tunapoendelea.

Sasa mama mkwe wangu akaja Nairobi, mara yake ya kwanza, kutazamwa macho. Mtoto wa dada yangu alikuwa amebaki kijijini na wale wajukuu, na mama akasema atakaa wiki moja tu na mtu asimbakize zaidi. Nilimpeleka kwa daktari mjini, akatiwa dawa, tukatoka tukitembea polepole kwa sababu alikuwa akikodoa macho kutazama zile ghorofa na kuniuliza watu wa juu kabisa wanachota maji wapi, na tulipofika mbele ya duka moja kubwa la vitambaa, nani anatoka humo na vifurushi mkononi? Memsaab wangu wa zamani.

"Jerida!" akapiga kelele, watu wakageuka. Akanishika mikono yote miwili, akauliza habari za mtoto, akamsalimia mama mkwe wangu kwa Kiswahili chake kile cha kugongagonga, "Jambo, mama, habari gani," kisha akatazama saa, akafungua mlango wa gari, akasema akitutazama sote wawili, "You must come back and see us!" Akapunga mkono, akaondoka.

Mama mkwe wangu akabaki akitazama lile gari.

"Amesema nini?"

Hapo ndipo palipoharibika, palepale kando ya barabara. Ningesema, "Ametuaga," yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeshikwa mikono na Mzungu mbele ya watu wa mjini na mbele ya mama mkwe wangu, kichwa kilikuwa kimevimba (msicheke, na ninyi vyenu vinavimba kwa mambo madogo kuliko hayo), nikasema kwa sauti kubwa kidogo, "Amesema lazima turudi tukawaone."

"Lini?"

"Hakusema lini."

"Basi ametupa siku yoyote," akasema mama. "Huyu ni mtu mwema. Amemtunza Finike, na sasa anatuita. Tutakwenda kumshukuru kabla sijapanda basi la nyumbani."

Lazima niwaeleze jinsi ilivyokuwa kwetu, maana ninyi mmezaliwa kwenye simu. Kwetu mtu hakuambii urudi kama hajakutengea nafasi moyoni na jikoni. Akishasema, hurudi kwake kuuliza, "Ulisema kweli?" Kuuliza ni kumwambia kwamba humwamini. Na kwenda kushukuru huendi peke yako kama mwizi wa mahindi, unakwenda na akina mama wenzako, mmefunga vitambaa vyeupe, mmebeba vitu kichwani, na mnaingia uani mkiimba ili mwenye nyumba asikie anavyoheshimiwa kabla hajawaona. Nanyi mkishaingia mnaketishwa, mnakula. Kuondoka bila kula ni kama kuitakia nyumba ile mabaya.

Jioni nikamwambia babu yenu. Alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, anapeleka mafaili kutoka chumba hiki hadi kile. Akaweka kijiko chini.

"Mama Zakayo, hao watu wakisema hivyo wanakuaga tu. Mimi nawasikia kila siku pale ofisini. Mgeni akitoka anaambiwa arudi, akirudi mimi natumwa kusema bwana hayupo."

"Wewe unawajua mlangoni," nikamwambia. "Mimi nimewajua jikoni."

"Basi mtumie Finike habari aulize kwanza."

"Nimuulize mtu aliyeniita kama ameniita?"

Mama mkwe wangu akacheka, akasema kwamba mwanawe tangu utotoni alikuwa mwoga wa kwenda kwa watu. Babu yenu akamaliza ugali wake. Tena sisi wanawake tukakubaliana kwamba Finike asiambiwe lolote, hata kwamba mama yake yuko Nairobi, ili amwone tu ghafla na afurahi. Hilo lilikuwa wazo langu. Simsingizii mtu.

Jumamosi mchana tukatoka Kangemi, tulikokuwa tumepanga. Nilikuwa nimewaita akina mama wa kanisani, tukawa kundi la kutosha, miongoni mwao jirani yangu Dorika ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika. Mama mkwe wangu alibeba unga wa wimbi, Dorika kuku jike mwekundu ndani ya kikapu, mimi ndizi mbivu. Tukashuka bondeni, tukavuka kijito, tukapanda kupitia mashamba ya kahawa, jua kali, na Dorika njia nzima anamchokoza mama mkwe wangu, "Mama, ukipewa kiti cha Mzungu usilale, maana vile viti vinameza watu," na mama anamjibu, "Wewe ndiye utakayemezwa, mimi mifupa yangu itavikwama."

Tulipokaribia geti niliona magari. Mengi, yamepangwa kando ya ua hadi nje barabarani. Nikasimama. Kwa kweli nilitaka kusema turudi nyuma, lakini mama mkwe wangu akatangulia kusema, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa furaha.

"Ona! Wametuitia hata majirani."

Ningemwambia nini? Nikajiambia pengine ni kweli, pengine Finike alisikia mahali akawaambia. Mtu akishajidanganya mara moja, ya pili huja yenyewe. Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa zamani aliyenijua, akanisalimia vizuri, akadhani nimeitwa kusaidia kazi ya siku ile, akafungua. Nami nikaanzisha wimbo.

Tuliingia tukiimba, tukipiga vigelegele, tukicheza kwa miguu namna ile ya kusogea polepole, tukapita njia ya kokoto, tukapinda pembe ya nyumba, tukatokea kwenye uwanja wa nyasi, na hapo walikuwapo Wazungu wamesimama na bilauri mikononi, mabibi wa kofia, na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Wote wakageuka. Kukawa kimya, sisi tu ndio tunasikika. Halafu, mnajua walifanya nini? Wakapiga makofi.

Walidhani tumeletwa kuwachezea.

Mimi nilijua mara ile. Nilijua nilipomwona memsaab upande wa pili wa meza, hakupiga makofi, amejishika shingo. Lakini wenzangu hawakujua, waliona tumepokelewa, wakaimba kwa nguvu zaidi, na bwana mmoja mnene akaja na kamera akatuonyesha kwa mkono turudie, basi tukarudia. Nikaimba nikijua. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiona nikifumba macho, mimi mtu mzima nikiimba shukrani kwa watu wanaongoja tumalize mchezo.

Wimbo ukaisha. Mama mkwe wangu akatua unga wake miguuni pa memsaab, akamshika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Kisha, kwa kuwa alikuwa amefika na amechoka, akageuka akaona kiti kikubwa cha henzerani chenye mto, akaketi. Kiti hicho bwana, mume wa memsaab, alikuwa amemwekea mkubwa wake wa kazini, ambaye sherehe yote ilikuwa yake. Mkubwa mwenyewe alikuwa amesimama kando, akacheka kidogo, akamwachia.

Memsaab akanivuta pembeni. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya wageni, lakini vidole vyake vilinibana.

"Jerida, nini hii?"

"Tumerudi, memsaab. Ulisema turudi. Huyu ndiye mama yake Finike."

"Lakini leo iko wageni! Mimi nasema tu, Jerida. Mimi nasema kama kwaheri. Watu yote nasema hivyo. Wewe hapana jua?"

Sikujua. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile, nimeyasikia maneno hayo mlangoni pale mara nyingi, wageni wakiondoka, na sikuwahi kufuatilia kama walirudi. Nikasema, "Pole, memsaab, tutaondoka." Nikageuka kumwinua mama.

Nilichelewa. Finike alikuwa anatoka jikoni.

Alivaa aproni nyeupe, amebeba sinia kubwa la nyama ya kuokwa, nyama yenyewe ya siku ile, anatembea kwa uangalifu, macho kwenye ngazi. Akafika kwenye nyasi, akainua macho, akamwona mama yake mzazi, ambaye hakuwa amemwona tangu alipowaacha watoto, ameketi katikati ya Wazungu.

Kwetu binti hapiti mbele ya mama yake akiwa amebeba chakula cha watu wengine bila kumsalimia. Na hamsalimii akiwa na kitu mkononi. Finike hakufikiri, nani angefikiri? Aliweka sinia chini, palepale kwenye nyasi, akaenda akapiga magoti, akalaza kichwa mapajani pa mama yake. Mama akamshika kichwa, akaanza kumwita kwa jina lile la utotoni, na wote wawili wakalia.

Nyumba ile ilikuwa na mbwa wakubwa.

Sitaeleza sana. Nikasikia mtoto wa Kizungu anacheka, halafu bwana anafoka, na nilipotazama, sinia lilikuwa limeburutwa hadi kwenye maua na mbwa wamelizunguka. Wageni wengine walicheka, wengine waligeuza nyuso kwa adabu. Mkubwa wa bwana akasema neno la mzaha, na bwana mwenyewe akacheka pamoja naye, lakini alipoacha kucheka alimtazama Finike, nami nikalijua lile jicho.

Tukapelekwa nyuma ya nyumba, kwenye vyumba vya wafanyakazi. Mama mkwe wangu alikataa kuondoka bila kitu kinywani (hakutaka kuitakia nyumba ile mabaya, alikuwa bado anawafikiria wao!), basi tukaletewa chai na mkate, katika vikombe vya bati, tumeketi kwenye ngazi karibu na kamba ya nguo. Hata Dorika alinyamaza. Kuku wetu alikuwa bado kikapuni, hakuna aliyempokea.

Mama akakigeuza kikombe mkononi.

"Mama Zakayo, huku ndiko wanakoketisha wageni?"

"Huku kuna kivuli, mama."

Akanitazama kwa macho yale yenye dawa. Alikuwa haoni vizuri, lakini aliona. Akamgeukia binti yake.

"Finike, niambie. Ni wewe uliyekosa, au ni mimi?"

"Hakuna aliyekosa, mama," akasema Finike. "Mbwa walikuwa na njaa. Kunywa chai."

Kisha alipoinuka kuchukua mkate akapita karibu nami, akaniambia chini chini, bila hasira, na heri angekuwa na hasira, "Wifi, neno moja tu. Ungenitumia neno moja. Ningewaambia msije, au ningekuja mimi kwenu Jumapili."

 Nilikuwa na ndizi mapajani.

Wageni walipopungua, memsaab akaja. Hakuwa mtu mbaya, msije mkasema bibi yenu aliandika kwamba alikuwa mbaya. Macho yalikuwa mekundu. Alisema bwana amekasirika sana, alisema yeye amejaribu kumtuliza, alisema Finike ni msichana mzuri, na ninyi mkisikia mtu anaanza kwa kusema mwenzenu ni mzuri, anzeni kufungasha. Finike akaingia chumbani kwake akakusanya vitu vyake. Havikuwa vingi. Nilisimama mlangoni nikitaka kumsaidia, akaniambia niketi na mama.

Nikamfuata memsaab, nikamwomba. Nilimwambia kosa ni langu, anilipize mimi, nitafua bure, nitakuja na mtoto mgongoni. Nilimweleza habari za wale watoto wa kijijini. Akaniwekea mkono begani. "Bwana kwisha sema, Jerida. Mimi naweza fanya nini?"

Akatusindikiza hadi getini, kwa heshima ya mama mkwe wangu nadhani, au kwa haya. Akampa mkono. Na pale getini, Finike amesimama na sanduku lake, mlinzi anatazama chini, yule mwanamke akatabasamu kama alivyozoeshwa tangu utotoni, na mdomo ukajisemea wenyewe, "Do come again some time," yaani njoo tena siku moja.

Niliona alivyoshtuka akishayasema. Hakuweza kuyarudisha.

Mama mkwe wangu akanigeukia, kama kule mjini. "Amesema nini?"

"Amesema kwaheri," nikamwambia.

Hatukuimba kurudi. Finike alipanda basi na mama yake wiki ile ile, akaenda kufanya vibarua vya kuchuma chai Nandi, na mkubwa wa watoto wake aliacha shule mwaka ule na hakurudi tena. Babu yenu hakuwahi kuniambia, "Nilikuambia." Alikuwa na njia yake ya kuleta mshahara nyumbani kila mwezi bila kunieleza ni kiasi gani amewakatia wale watoto, nami sikuwahi kumuuliza. Finike alinisamehe, au alisema amenisamehe. Mama mkwe wangu hakukanyaga Nairobi tena hadi alipofariki.

Miaka ikapita, tukajenga, watoto wakasoma. Siku moja, Zakayo akiwa tayari ameajiriwa mjini na amevaa tai, alikuja mama mmoja mjane wa kule tulikopanga zamani, akakaa sana, kama wajane wanavyokaa. Alipotoka, Belisi akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia kwa sauti tamu, "Mama, rudi tu wakati wowote, lazima urudi!" Akafunga mlango, akaegemea, akamwambia Zakayo, "Nani amzuie sasa akija kweli?" Wakacheka wote wawili.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamtuma Belisi amkimbilie yule mama barabarani, amuulize kama Jumapili baada ya kanisa itamfaa kuja kula, na asirudi bila jibu. Aliporudi akihema, nikawasimamisha wote sebuleni, babu yenu pia, na msichana wa kazi pia, nikawapa amri ambayo inasimama hadi leo na itasimama nikiwa sipo:

"Mtu akitoka katika nyumba hii, asiambiwe arudi kama hajatajiwa siku. Siku mkimtajia, akija na ukoo wake wote wanaimba, ataketi kwenye kiti kizuri na atakula mezani pamoja nasi, hata kama mna wageni wakubwa kuliko yeye. Anayeona hilo halimudu, amwambie kwaheri, amfungulie geti, na anyamaze hapo."